Jibu la mtaalamu: Tutalifaidi vipi Tamasha la Bagamoyo pamoja na watoto?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Tanga, mama wa watoto watatu wa miaka 12, 8 na 5. Mwaka jana tulikwenda Bagamoyo kwenye tamasha la sanaa, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Tulizunguka kila jukwaa ili tusikose kitu, lakini ilipofika siku ya pili watoto walikuwa hoi na ngoma zote zikaonekana kuwa ni ile ile moja. Nyimbo zenyewe hatukuzielewa. Mume wangu anasema safari hii ni afadhali tuwapeleke watoto kwenye bustani ya michezo Dar es Salaam, ambako angalau kuna mabembea na maji. Je, ipo namna ya kulifaidi tamasha lile? Na mama mkwe, ambaye ni mpenzi mkubwa wa ngoma, anauliza kama inaruhusiwa kuingia uwanjani kuwatunza wachezaji fedha.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mfikishie mama mkwe salamu zangu, na umwambie kwamba swali lake nimeliweka mwisho kwa kuwa lina taratibu zake. La kwako nalijibu hapa hapa: tamasha linafaidika, na watoto wa umri huo ndio hasa wanaolifaidi, ila huko kuzunguka kila jukwaa ili msikose kitu ndiko kulikowakosesha. Tamasha la sanaa halimalizwi. Hata sisi ambao kazi yetu ni kufundisha ngoma na kupanga majukwaa hatujaribu kulimaliza. Ushauri wangu ni kwamba kila siku mchague kikundi kimoja tu, mkifuate tangu kinapoandaa vyombo vyake hadi kinapoteremka jukwaani, na mengine yote mtakayoyaona siku hiyo myahesabu kuwa ni nyongeza.

Hoja ya mume wako si ya kubezwa. Katika bustani ya michezo bembea humfurahisha mtoto hata kama hajui limeundwa vipi, na mzazi hana kazi zaidi ya kulipa kiingilio na kusubiri kivulini. Ngoma haiko hivyo. Anayeitazama bila kujua aangalie wapi huona watu wanaruka na kusikia kishindo, na baada ya nusu saa huanza kupiga miayo. Anayejua aangalie wapi anaweza kukaa hadi usiku bila kukumbuka simu yake. Kinachowatofautisha watu hao wawili ni maarifa kidogo tu, ambayo mtoto wa miaka 8 anaweza kupewa ndani ya basi kabla hamjafika Msata.

Ni vizuri kwanza kulijua tamasha lenyewe, maana umbo lake linaeleza kwa nini mlichoka. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tamasha likaanza mwaka uliofuata, 1982, likiwa hasa ni nafasi ya wanafunzi na walimu wao kuonyesha kazi zao mbele ya watu. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali chenye jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi tunaiita TaSUBa, na tamasha nalo likazidi kupanuka hadi likabeba vikundi vya mikoani, bendi, sarakasi, maigizo, maonyesho ya picha na vinyago, pamoja na wageni kutoka nje ya nchi. Ukumbi wa zamani uliteketea kwa moto mwaka 2002, na huu mliouona ulijengwa baadaye. Hata hivyo tabia ya kichuo haijaondoka. Kila kikundi hupewa muda mfupi ili wote wapate nafasi, kwa hiyo ngoma ambayo kijijini ingeanza baada ya magharibi na kukesha hadi alfajiri hukatwa ikawa ya dakika chache, kisha kikundi kinateremka na kingine kinapanda. Mimi desturi hiyo siipendi sana, ingawa sababu yake naielewa. Mtazamaji anayebaki ameketi mahali pamoja huku vikundi vikipishana mbele yake huonjeshwa vingi asishibe hata kimoja.

Jambo la pili linalozifanya ngoma zifanane ni jukwaa. Ngoma nyingi za kwetu huchezwa katika duara au katika msafara, watu wamezunguka, na mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji hauko wazi. Zilipoingizwa kwenye majukwaa ya vikundi vya taifa baada ya uhuru, duara lilinyooshwa likawa mistari inayowatazama waliokaa, wapigaji wakasogezwa nyuma au pembeni, na kila ngoma ikajifunza kuingia kwa upande mmoja na kutokea upande wa pili. Anayekaa mbele, katikati kabisa, huona mistari hiyo na karibu hakuna kingine. Kwa hiyo msikae hapo, hata kama viti viko wazi. Kaeni pembeni, upande waliko wapigaji, mahali ambapo mnaiona mikono yao na mnaona pia miguu ya wachezaji kwa ubavu. Faida nyingine ya kukaa pembeni ni kwamba mnakuwa mbali na mdomo wa spika, ambazo kwenye matamasha yetu hufunguliwa kupita kiasi, na masikio ya mtoto wa miaka 5 hayakuumbwa kwa ajili hiyo.

Sasa niingie kwenye kiini. Siku mtakayochagua kikundi chenu, fikeni mapema, kama saa moja kabla ya zamu yake, na mwende kwenye miti au nyuma ya jukwaa ambako vikundi hujiandaa. Mwombeni ruhusa kiongozi wao. Mkija na watoto wenye adabu ni nadra kunyimwa. Mtakuta moto mdogo wa makuti makavu, nyasi au makaratasi, na ngoma zimeuzunguka. Ngozi hunyonya unyevu, na Bagamoyo ni mji wa ufukweni, hivyo upepo wa bahari unapovuma jioni ngozi hulegea na mlio hushuka. Mpigaji huielekeza ngozi kwenye joto bila kuipeleka kwenye ulimi wa moto, huizungusha taratibu ili joto lienee sawa, na kila mara huigonga kwa ncha za vidole karibu na ukingo huku ameinamisha sikio. Mwanzoni mlio huwa mzito na mfu. Kisha hupanda kidogo kidogo, na ghafla hufika mahali ambapo hukatika safi na kali, naye papo hapo huiondoa, kwa sababu ngozi ikizidishiwa joto hupasuka. Ngoma ndogo za ngozi ya mbuzi hukaza upesi. Zile kubwa za ngozi ya ng'ombe humtaka mtu awe na subira. Mwache mtoto ausikilize mlio wa mwanzo na wa mwisho. Baadaye, katikati ya onyesho, akimwona mpigaji mmoja anainuka na ngoma yake na kutokomea nyuma ya jukwaa, yeye ndiye atakayewaeleza ninyi amekwenda wapi.

Onyesho likianza, msianze na wachezaji. Sikilizeni ngoma moja baada ya nyingine. Katika ngoma zetu nyingi ipo moja inayorudia pigo lile lile bila kuchoka, na hiyo ndiyo inayowashikilia wote wasipotee. Ipo nyingine inayoingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya ile ya kwanza, na ndiyo maana mguu wako hushindwa kuamua ufuate ipi. Halafu ipo ngoma ya kiongozi, ambayo haikai mahali pamoja: hunyamaza, huingia, huchokoza, hukatisha. Huyo ndiye anayewaamuru wachezaji. Kabla ya hatua kubadilika hupiga mkato, yaani mapigo machache makali yanayouvunja mwendo, au mchezaji wa mbele hupuliza kipyenga, na katika pigo linalofuata miguu yote inageuka. Wape watoto mchezo wa kuutambua mkato kabla miguu haijabadilika, na atakayewahi apewe ubuyu. Nimeona watoto waliokuwa wakilia kutaka kurudi nyumbani wakisahau kabisa kulia baada ya kupewa kazi hiyo, na nimeona baba zao wakiwaibia ushindi.

Mkishaupata mkato, shusheni macho hadi kwenye vifundo vya miguu. Njuga huvaliwa kwa sababu mchezaji naye ni mpigaji, na chombo chake ni mguu. Kikundi kilichofanya mazoezi utakijua kwa njuga zake kuliko kwa mavazi yake: mguu unapotua, mlio wote hutoka na kukatika kwa pamoja. Kikundi kilichokusanywa haraka kwa ajili ya safari husikika kama choroko zinazomwagika sakafuni. Mtoto wako wa miaka 12 ana umri wa kutosha kuyatambua haya, na akishayatambua atakuwa mkosoaji mkali kuliko wengi wanaoandika magazetini.

Kuhusu lugha, usisononeke. Mmakonde naye hayajui maneno ya Kigogo, na hukaa akaishangilia ngoma ya Wagogo bila kuona upungufu wowote. Nyimbo nyingi za ngoma hujengwa kwa kiongozi kuanzisha na wenzake kuitika, na kiitikio huwa kifupi, mara nyingi maneno machache yanayorudiwa. Kwa mara ya tatu au ya nne mtoto anaweza kuitika bila kukosea sana. Mkitaka maana, mtafuteni mwanakikundi mmoja baada ya zamu yao, hasa aliye mtu mzima, mumuulize. Wengi hufurahia kuulizwa kuliko kupigwa picha. Mtaambiwa kwamba wimbo ulikuwa wa kumsifu mkulima hodari, wa kumsuta mvivu, wa kumtoa mwali, na wakati mwingine mtagundua kwamba ulitungwa juzi tu kuhusu malaria au kuhusu mgeni rasmi.

Ukiniuliza mchague kikundi gani kwanza, nitasema anzeni na Wagogo. Muziki wao umefungamana na Bagamoyo kwa sababu ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki kutoka mkoa wa Dodoma aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, na ambaye ndugu na watoto wake wameiendeleza kazi yake. Sikilizeni jinsi wanavyoimba kwa sauti zinazopishana kimo na bado zinakwenda pamoja, bila kinanda wala mwalimu wa kwaya. Kisha mwangalieni mwenye ilimba, lile sanduku la mbao lenye safu za vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole. Nyuma ya kila sauti mtasikia mvumo unaokwaruza, na watu wengi hugeuka kumtazama fundi mitambo wakidhani spika imeharibika. Si spika. Kwenye sanduku hutobolewa tundu dogo linalofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutetema kila kijiti kinapoguswa; ilimba isiyovuma hivyo, kwa sikio la Mgogo, bado haijakamilika. Nendeni mkamwombe mwenyewe awaonyeshe hilo tundu kwa karibu. Kikundi hicho kikiwa na wanawake wanaopiga muheme, mama mkwe atakuwa na la kutazama jioni nzima, kwa maana hao hubana ngoma katikati ya mapaja, wakapiga na kuimba huku mabega na shanga za shingoni zikicheza mchezo wake zenyewe.

Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya kulima, yenye ngoma kubwa na majembe yanayorushwa hewani na kudakwa kwa kufuata pigo. Kwa watoto hiyo haihitaji maelezo. Linalostahili kuelezwa ni namna Wasukuma wanavyohukumu ngoma zao. Huko Mwanza na Shinyanga, baada ya mavuno, vikundi vya Bagika na vya Bagalu, pande mbili zenye upinzani ulioanza tangu karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Hakuna jopo la majaji wenye kalamu. Miguu ya watu ndiyo inayopiga kura. Kwa hiyo, ingawa nimekushauri mbaki na kikundi kimoja, kikundi hicho kikiwa hakina uhai msijilazimishe kwa adabu; ondokeni, na mtakuwa mmefuata mila.

Mganda wa watu wa Ziwa Nyasa mtautambua kwa mavazi meupe na mistari iliyonyooka. Asili yake inafungamana na beni, yaani ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, na gwaride la askari wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mzazi anayependa historia anaweza kuonyesha jinsi vijana wa wakati ule walivyoligeuza gwaride la mkoloni likawa burudani yao. Sindimba ya Mtwara mnaijua, kila Mtanzania anaijua. Wamakonde wakileta midimu, yaani wachezaji waliovaa vinyago, mwandaeni mapema yule mdogo wa miaka 5, au mshikeni mkono: kinyago kile kimechongwa ili kitishe, na huwa kinamfuata anayekimbia. Ngoma ya wenyeji wa mwambao huu ambayo ningependa mwione nje ya jukwaa ni mdundiko wa Wazaramo, ambao asili yake ni kumtoa mwali na ambao hutembea barabarani badala ya kusimama mahali pamoja. Wazee wa Dar es Salaam wanasimulia hadi leo habari za watoto waliofuata mdundiko wakajikuta mtaa wasioujua. Ninyi ufuateni, lakini kila mtoto awe na karatasi yenye namba ya simu yako mfukoni, na wote wakubaliane tangu asubuhi kwamba atakayepotea asimame langoni asubiri.

Ratiba msiiamini kupita kiasi. Iliyoandikwa saa kumi jioni inaweza kuwa saa kumi na moja na nusu, kwa sababu ya hotuba, mitambo, au mshereheshaji anayependa sauti yake mwenyewe (hao ni wengi, na hakuna tamasha nchini lililopata dawa yao). Mtoto wa miaka 5 alale mchana, hata kama mnaona mnapoteza muda. Mtoto aliyelala hukaa hadi saa tatu usiku bila matatizo, na asiyelala huwaharibia wote jioni ambayo ndiyo yenye maonyesho bora. Asubuhi huwa na warsha, ambazo familia nyingi huzipuuza kwa kudhani ni za wasomi. Huyo wa miaka 12 mpelekeni huko ajifunze hatua mbili tatu za ngoma au apige kayamba kwa muda. Jioni atakapowaona wakubwa wakiifanya kazi hiyo hiyo ataitazama kwa jicho lingine. Wa miaka 8 atapenda sarakasi, nanyi mwacheni aipende bila kumhutubia. Simu nazo ziwe na kiasi. Rekodini dakika moja au mbili ya kuwaonyesha majirani, kisha ziwekeni mfukoni, na msimpige picha mchezaji anayevaa au mtoto wa kikundi bila kumuuliza mkubwa wake.

Maonyesho ya picha na vinyago yapitieni wakati wa jua kali, kwa kuwa huwa yamo kivulini. Picha za tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, huchorwa kwa rangi za mafuta zinazong'aa na ambazo hukauka polepole, kwa hiyo mchoraji huanza na rangi ya nyuma, akaiacha ikauke, ndipo akaweka mnyama, na madoadoa huja mwisho kabisa. Mkimkuta mchoraji yuko kazini, mtaona picha kadhaa zimeegemezwa ukutani zikiwa katika hatua mbalimbali. Hapo mtoto ataelewa zaidi kuliko mbele ya picha iliyokamilika. Kwenye vinyago, kama mtanunua, ukishike kwanza mkononi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kitambaa chenye unyevu kikipitishwa chini ya kinyago na kutoka na weusi, basi mti huo ni mwingine uliopakwa dawa ya viatu, nawe punguza bei au upite.

Mji wenyewe uwekeeni asubuhi moja, siku ambayo hamna warsha: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, Misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868 na makumbusho yake, na magofu ya Kaole, ambayo yako kama kilomita 5 kusini mwa mji na yana msikiti wa karne ya 13. Bajaji zinatosha. Msiyatazame yote siku hiyo moja na bado mkatarajia watoto wawe na nguvu jioni. Kwa njia, kutoka Tanga mnapita Segera na kushuka hadi Msata, ambako kuna barabara ya lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo. Muulizeni kondakta tangu mnapokata tiketi kama basi lake linapita Bagamoyo au linaendelea Chalinze, ili msijikute mnavuka hadi Dar es Salaam na kurudi nyuma na mabegi. Tamasha kwa kawaida huangukia kati ya Septemba na Novemba, na mvua za vuli zinaweza kuwa zimeanza, kwa hiyo bebeni kanga za ziada na mwavuli mmoja mkubwa.

Sasa mama mkwe. Yeye ni mtu wa Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na bila shaka anajua kumtunza mwimbaji wa taarabu: unangoja beti inayokugusa, unainuka kwa madaha, unakwenda. Kwenye ngoma inaruhusiwa vile vile, na vikundi vingi hufurahi, lakini mwendo ni tofauti. Asiingie mwanzoni, kwa sababu wachezaji bado wanatafutana. Asubiri ngoma ikolee, na asiingie wakati kiongozi anapiga mkato, maana ndipo miguu inapobadilika na anaweza kugongwa. Aingie kwa pembeni huku akicheza, asikatize kati ya kiongozi wa ngoma na wachezaji, kwa kuwa wao humtazama yule na akizibwa hata kwa nukta moja hatua huharibika. Noti aiweke mkononi mwa mchezaji au kwenye kapu lililowekwa mbele ya wapigaji. Kuzisokomeza kwenye nguo za mabinti, ambao wengine ni wanafunzi, si heshima hata kama wengine wanafanya. Akitaka wote wafaidi, kapu ndilo bora, kwa sababu fedha ya kapu hugawanywa, ya mkononi mara nyingi huishia mkononi. Sarafu asirushe kabisa, wachezaji wako peku. Kwenye sarakasi asiingie hata kidogo, kwa usalama wake na wa yule aliyeko juu, na kwenye maigizo pia hapana. Ndani ya ukumbi amuulize kwanza mhudumu aliye karibu na ngazi za jukwaa, kwani taratibu za humo ni ngumu kuliko za uwanjani.

Noti za elfu moja moja azibadilishe huko huko Tanga, maana siku za tamasha chenji Bagamoyo huwa shida. Na avae kandambili za kuvulika upesi, pochi amwachie mjukuu wa miaka 12.